Abiria wa Benchi la Kushoto

Lipangalala,
Ifakara.
18 Agosti, 2024.

Mpendwa kaka Dionisi,

Shikamoo kaka. Kwanza unisamehe kwa kuchelewa. Nilikuahidi barua tangu kabla ya Pasaka na nimeianza mara tatu. Ya kwanza Nickolaus aliikojolea, ya pili niliichana mwenyewe, ya tatu ndiyo hii. Naomba uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuikunja.

Hujambo lakini? Wifi Herieth mguu wake umepona? Na Eliza wetu, bado anakataa uji? Huku sisi ni wazima. Presha ya Mama inapanda na kushuka, lakini anakula na anagomba, kwa hiyo hatuna hofu naye. Nickolaus ametimiza miezi minane na usingizi haujui. Mimi nimekonda mpaka pete inazunguka kidoleni. Edna ana miaka minne sasa, hujawahi kumtia machoni, ana maneno kama mtu mzima. Huyo Edna ndiye aliyenikalisha chini nikuandikie.

Mpunga haukuwa mbaya mwaka huu, tumeshaweka ndani. Nyani walitusumbua kidogo tu.

Habari kubwa ni kwamba shemeji yako Seni analifufua gari la Baba.

Najua. Kwenye simu nikitaja gari tu, mtandao wako unakata. Ndiyo maana nimeandika.

Unavyojua, tangu trekta lilipolivuta kulirudisha hapa, ile Land Rover ilikaa nyuma ya nyumba miaka kumi na moja. Majani yaliingia kwa chini, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Shemeji yako alikuwa akipita hapo kila siku anaangalia tu, kama mtu anayeangalia nyama buchani. Siku moja akaniambia, "Mama Edna, mnalaza kuku kwenye chasisi nzima kama hii?" Nikamwambia kama ana nguvu alitoe. Sikujua ninachokiruhusu.

Ndugu zake wanamcheka. Kaka yake mkubwa alikuja na ng'ombe wake akiwapeleka mnadani, akasimama hapo uani akasema, "Msukuma gani huyu? Wenzio wanachunga, wewe umekumbatia bati." Seni akamjibu kwamba bati halili shamba la mtu. Tulicheka siku ile. Kazi ilikuwa bado inakwenda vizuri.

Na kazi anaiweza, kaka, ungekuwepo ungemsifu. Yeye na Alfonsi, fundi bodi wa hapa jirani, walikwangua rangi. Chini ya bluu kulikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe kulikuwa na kijivu ya misheni, na mlangoni ukatokea msalaba mdogo ambao hata Mama hakuwahi kuujua. Injini ya petroli wameitoa, wamefunga ya dizeli kutoka kwenye Hilux iliyopinduka. Sakafu ya mbele ameikata yote akachomelea mpya. Mang'ula wamemwahidi kazi ya kubeba wageni wa hifadhi kama gari litapita ukaguzi, na kwa ajili hiyo ameacha kibarua cha kuchomelea mageti. Kwa hiyo hilo gari ndilo tulilolitegemea sote.

Siku injini ilipowaka, Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama kidogo, akarudi ndani. Tangu siku hiyo hapiti nyuma ya gari. Anazunguka nyumba nzima kwenda chooni. Nilipomuuliza alisema, "Mimi sipishani na mgeni mlangoni."

Sasa nikueleze.

Gari lilikaa limeinama nyuma, upande wa kushoto. Vidole vinne. Seni akasema springi zimechoka, akazitoa zote mbili, akaweka nyingine, akaongeza na jani moja la chuma kila upande. Wakalishusha kwenye jeki. Likakaa sawa. Asubuhi yake limeinama tena, upande uleule, vidole vilevile vinne. Wakabadilisha springi, ya kulia wakaifunga kushoto. Hivyohivyo. Wakapima chasisi kwa kamba, imenyooka. Alfonsi kwa utani wake akagonga bati la nyuma akasema, "Shemeji, mshushe abiria kwanza ndiyo tupime." Alicheka peke yake. Baadaye aliniambia kwamba alipogonga hakusikia mlio wa bati tupu. Ulikuwa mlio wa gari lenye mtu ndani.

Edna alikuwa akicheza humo. Sikumkataza, ni kivulini na namwona kutoka jikoni. Nikamsikia anasema, "Shikamoo bibi." Nikadhani Mama amepita. Mama alikuwa ndani amelala. Siku ya pili tena, shikamoo bibi, na kila akiingia anazunguka pale mwanzo wa benchi la kushoto kama mtu anayepisha magoti ya mwenzake, ndipo anakaa. Nikamwambia acha mchezo huo. Akasema si mchezo, bibi amekaa.

Kisha Seni akatoa mabenchi, maana wageni wanataka viti vinavyotazama mbele. La kulia lilitoka kwa spana. La kushoto lilivunja diski tatu za gurainda. Mchana wake Edna alikuja jikoni akanivuta khanga. Akasema, "Mama, bibi amesimama. Hana pa kukaa, amechoka."

Kaka, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne tu na sipendi mambo ya kuagua. Lakini nilichukua kigoda changu cha jikoni nikakiweka mle ndani upande wa kushoto. Sikumwambia mtu. Nilimwonea huruma, basi.

Seni alikiona akauliza nani ameweka kigoda kwenye gari lake. Nikasema mimi. Hakukitoa.

Jumanne iliyopita ndiyo iliyomaliza ubishi. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kiangazi, bati haligusiki kwa mkono. Nilimkosa Edna. Nikamkuta ndani ya gari, milango imefungwa, amekaa sakafuni kaegemea kile kigoda. Nilijua nitamtoa amezirai kwa joto. Nilipomshika alikuwa wa baridi, kaka. Mikono, shingo, nywele zenyewe, kama mtoto aliyetolewa mvuani. Nilimfunga blanketi nikakaa naye juani mpaka alipoanza kutetemeka. Akaniambia hivi, naandika maneno yake kama alivyoyasema: "Bibi anasema bado hatujafika. Tunamsubiri yule kaka wa shati la njano amwambie ashuke."

Shati la njano la kuchezea mpira, lenye namba moja mgongoni. Nililifua mimi mwenyewe siku ile ya safari ya mwisho ya Baba, matope yakakataa kutoka kwenye kola. Ulikwenda nalo Arusha. Edna hajawahi kukuona wala hatuna picha yako ukiwa nalo.

Basi nikakumbuka Baba alivyokuwa akifanya. Watu walikuja kumchukua yeye na si mwingine kubeba maiti zao kutoka hospitali, wakati magari yalikuwepo mengine, kwa sababu ya ule utaratibu wake. Kila daraja anapunguza mwendo, anamwita marehemu kwa jina lake na la baba yake, anamwambia tunavuka, twende. Wakifika anashuka yeye kwanza, anafungua mlango wa nyuma, anasema, umefika kwenu, shuka. Ndipo wenyewe wanalitoa jeneza. Alisema asipoambiwa hajui, anabaki amekaa. Tulikuwa tunamcheka kwamba anaongea kama kondakta. Na wewe ulikuwa unakaa nyuma na jeneza, na siku akiwa na koo bovu ulikuwa ukisema wewe badala yake. Ulikuwa unayajua maneno.

Tulichoambiwa ni kwamba masika ile mlipopita kijiji cha Kisawasawa kifua kilimbana Baba, mvua inanyesha, mkasimama njiani. Likatokea lori la mpunga, wafiwa wakahamishia jeneza humo wakaendelea na safari. Wewe ukabaki umempakata Baba, mpaka akakata roho mikononi mwako. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nani angekumbuka kumwambia marehemu wa watu ashuke?

Mimi sikulaumu, Dionisi. Kama ningekuwa mimi ningelia tu, hata jina langu ningelisahau. Wala sikuulizi kwa nini hujarudi nyumbani hata Krismasi moja. Nadhani unalijua jambo hili kuliko mimi. Nadhani ulilijua ulipopanda basi.

Ila nakuambia kama mama wa mtoto: Edna hatakaa humo tena kumwekea mtu joto. Nimemfungia ndani siku tano na kila saa saba anasimama dirishani anapunga mkono. Jana aliniuliza kama bibi akichoka kusubiri anaweza kuja kulala kwetu. Nilimjibu hapana. Nilimjibu kwa sauti ambayo bibi naye aisikie.

Nilimwambia Seni tuliuze chuma chakavu. Akaweka spana chini, akasema, "Tukiliuza, tumemuuza na yeye ndani. Huyo ni mzazi wa watu." Niliona aibu. Huyo ndiye mume wangu mnayemwita wa porini.

Kwa hiyo tumeamua tumpeleke kwao. Seni alikwenda kwa bodaboda, akauliza Kisawasawa, akauliza vijiji vyote mpaka Mang'ula. Masika ile walizikwa bibi wengi, na lori la mpunga hakuna anayelikumbuka. Mmoja alimwonyesha makaburi matatu, akamwambia achague. Hatuwezi kuchagua. Tukimwita jina la mwenzake na kumshusha kwa watu wasio wake, tutakuwa tumemfanyia kosa la pili. Mama hajui jina lake. Majina ya marehemu Baba alikuwa hayatamki nyumbani. Uliyekuwepo ukalisikia kila daraja ni wewe.

Seni anataka gari litembee kabla ya mvua za kwanza. Vifaa ambavyo huku havipo nimeviandika chini, nawe uko kwenye duka la spea, hutakosa. Mpe jirani yetu Teofili, atarudi kutoka huko mwisho wa mwezi na amekubali kubeba. Visivyobebeka kwa mkono utaona mwenyewe namna ya kuvituma.

Mama anakusalimu, anasema nyumba ina mlango wa mbele pia, uingie kwa huo. Seni anakusalimu shemeji yake. Alfonsi anakukumbuka ulivyokuwa golikipa mbaya. Msalimie sana wifi Herieth, na umbusu Eliza kwa niaba ya shangazi yake. Mungu akutunze huko uliko, akulegeze ulimi, akupe usingizi ambao nadhani huna.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, sina hasira,

Merina.

Vya kutuma:

Mipira ya silinda za breki, magurudumu yote manne.

Bushi za springi za nyuma, sita. Seni anasema usilete zilizotumika.

Mpira wa kuzunguka mlango wa nyuma, na kitasa chake, kile cha kufungulia nje.

Jina lake, na jina la baba yake, kama Baba alivyokuwa akimwita darajani.

Kijiji chake, na kama walikutajia nyumba iko karibu na nini.

Sauti yako. Ukiweza kuja nayo mwenyewe, njoo. Kama huwezi, jirekodi kwenye simu ukiwa peke yako, umwite kwa jina, umwambie amefika kwao, ashuke, halafu unitumie. Seni atafungua mlango. Simu nitaishika mimi.