Sindano Iliyofukizwa Ubani

Jumatatu, 3 Novemba. Gitega

Pampu tena tangu asubuhi. Inavuta hewa kutoka kwenye chupa ya kioo, inakohoa kama mgonjwa. Hewa ikishapungua nawasha umeme mkali, gesi iliyobaki inang'aa zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Katikati yake imesimama sindano yangu: waya mwembamba wa tungsteni ndani ya mrija wa kioo, ncha tu iko wazi. Napandisha volti, nasoma mkondo, nachora. Mchoro ukiwa safi, nitajua joto la elektroni.

Si safi. Volti zikipanda, mstari unapita njia moja. Zikishuka, njia nyingine. Nimechoka na mambo haya.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefungua viungo vyote vya pampu, nimepaka grisi upya. Bure. Profesa kachungulia, kaguna, kaenda zake. Ijumaa anakuja na wenzake kutazama. Bila mchoro sahihi sitetei tasnifu, na mwakani chumba hiki wanapewa watu wa kompyuta. Sina waya mwingine.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Mama kapiga simu kutoka Muyinga. Sauti imemkauka, kifua bado kinambana. Akauliza kama kile chuma kinafanya kazi. "Mi nilikifukizia ubani, mwanangu, juu ya husuda ya watu. Sasa iko na baraka."

Nilikuwa nimekipeleka kwa mjomba, sonara, akiunganishe na kioo kwa moto wake. Kililala nyumbani usiku mmoja tu. Mama hufukiza kila kinachosafiri: nguo, sanduku, sisi wenyewe. Kumbe na sindano. Moshi wa ubani umegandia kwenye ncha, na uchafu mdogo hivyo unatosha kudanganya kipimo chote.

Nilimfokea. Nilimwambia ameniharibia maisha. Yeye akasema basi, binti yangu, pumzika. Nikakata simu.

Dawa ipo. Napandisha volti mpaka ncha iwake nyekundu, uchafu unaungua wenyewe humo ndani. Nikanyoosha mkono kuanza. Umeme ukakatika.

Ijumaa, 7 Novemba

Umeme haukurudi. Profesa na wenzake walikaa, wakapiga soga, wakatazama saa. Simu nilikuwa nimeizima tangu jana. Ni sheria ya maabara, mawimbi ya simu yanatikisa kipimo, na umeme ungeweza kurudi wakati wowote. Hiyo ni sababu ya kumwambia mtu. Sababu nyingine ni kwamba sikutaka kumsikia Mama.

Waliondoka alasiri. "Bon, nakupa mpaka Alhamisi. Après, c'est fini, baada ya hapo basi," profesa alisema.

Nikawasha simu. Mama amefariki alfajiri. Wamemzika baada ya sala ya Ijumaa. Walinipigia mpaka wakachoka.

Nilikuwa nalinda kipimo ambacho hata hakikuwepo. Nimekaa sakafuni, sijui niende wapi kwanza.

Jumapili, 9 Novemba. Muyinga

Mafuta ya magari hakuna, jana kutwa nilishinda kituo cha basi. Nimefika leo nikakuta mikeka na watu wa matanga. Shangazi na majirani ndio waliomwosha. Mimi sikumshika hata mguu.

Dada Zaina kaniletea uji, kakaa pembeni yangu. Hakunilaumu. Angenilaumu, ingekuwa afadhali. "Mama alisema nikuombe umusamehe. Alisema hatafukizaga tena vitu vyako."

Chetezo chake cha ubani kipo palepale mlangoni. Majivu yamo. Natamani ningezikwa naye.

Jumatano, 12 Novemba. Gitega

Umeme ulikuwepo mchana kutwa. Sindano ilikuwepo. Nilikaa mbele yake, mkono kwenye swichi, mpaka jioni. Ubani ule ulikuwa dua yake ya mwisho kwangu. Sikuwasha.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimewasha.

Profesa alikuwa amesimama nyuma yangu. Ncha ikawa nyekundu kidogo, ikawaka kweli, nikaiacha iwake. Chupa imefungwa, hakuna harufu inayoweza kutoka. Nilinusa hata hivyo. Halafu nikapandisha volti, nikashusha. Mistari ikalaliana, mmoja juu ya mwingine, mpaka mwisho.

Profesa kanipa mkono. Tarehe ya kutetea wataniambia.

Nimezima pampu. Nimefunika chupa kwa kitambaa. Nimewasha simu, nimeiweka mezani. Hakuna aliyekuwa amepiga.