Mboga ya Mzee Riungu

Kanana weh! Nimetoka kwa daktari wa meno na baba mkwe, Mzee Riungu, sasa hivi, sijui nitaweka uso wapi.

Si unajua vile yeye huombea watafunaji wa miraa kanisani, machozi yakimtoka?

Daktari akamwambia, "Mzee, usinifiche. Unatafuna miraa? Ukiitafuna, na hii sindano ya ganzi, moyo unaweza kusumbua."

Akasema hajawahi. HAJAWAHI, Kanana!

Daktari akaona shavu limevimba, akadhani ni usaha. Akabonyeza. Donge la kijani likaruka mpaka kwa koti lake jeupe!

"Na hii?"

"Mboga."

"Baba, mimi nimezaliwa Kangeta, kwenye mashamba ya miraa. Rudi kesho ukiwa hujatafuna, ndio ning'oe jino."

Nikadhani aibu imeisha. Tukifika mlangoni mzee akageuka:

"Daktari, basi nirudishie mboga yangu. Bado iko na utamu."