Transfa ya Masanja

Mpanda, Jumatano

Mikono bado inanuka grisi, na sabuni imeshindwa.

Fundi Shabani aliniwekea transfa mbili, yale masanduku ya gia yanayopeleka nguvu magurudumu ya mbele, nichague ipi ifungwe kwenye Canter yetu ya mahindi, ili iwe fowili, ivute kwa magurudumu yote manne. Moja imetoka Dar. Nyingine ni ya lori alilofia mume wangu Masanja, maji yalipolibeba kwenye kijito, njia ya Mishamo.

Msibani waliniambia transfa ndiyo ilikatika. Nimeishi na maneno hayo.

"Mama Maduhu, hii ni nzima," Shabani akasema. "Hata gia ilikuwa bado kwenye fowili."

Sasa mbona haikuvuta?

Akajikuna shingo. "Loki za mbele, zinazoshikisha magurudumu na ekseli, zilikuwa wazi; hapo ya mbele hayavuti hata ukiweka fowili. Madereva wanazifungua kubana dizeli. Ukifika kwenye maji unashuka, unazifunga kwa mkono."

Hakushuka. Alivuta gia, akangoja magurudumu ya mbele yamtoe. Kila nikifumba macho namwona ameshika usukani, anangoja.

Nimechagua ya kwake. Nilimwambia Shabani ni kwa sababu haina mnyororo kama ile ya Dar, inavumilia matope. Sijui kama ni hivyo tu.

Lakini loki azitoe, ayaunge magurudumu ya mbele moja kwa moja, pasiwe na kitu cha kufungua.

"Italamba dizeli, mama."

Ilambe. Dereva ni mwanangu Maduhu, na yeye pia hapendi kushuka kwenye matope.