Wifi Alisema Kiberiti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa. Mtaani anaitwa Mama Pindo.
Umri: Miaka 44
Kazi: Fundi wa kushona nguo
Makazi: Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali, chumba cha barazani
Uhusiano: Shangazi wa majeruhi, wifi wa mtuhumiwa
Tarehe na saa: Tarehe 15, saa tatu asubuhi, chumba cha maelezo

Nina akili timamu na nimekuja kwa miguu yangu. Afande amenionya kwamba kusema uongo mbele yake ni kosa, nami nimeelewa. Namwomba aandike kila neno, hata yale atakayoyaona ya kipuuzi, kwa sababu jambo hili limeharibiwa na maneno machache yaliyoandikwa bila wenzake.

Mtuhumiwa ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa lori na tangu wiki iliyopita yuko safarini. Majeruhi ni binti yake wa kwanza, ana miaka kumi na sita. Mama yake mzazi alifariki binti akiwa mdogo, akalelewa na mimi pamoja na bibi yake mpaka kaka alipooa tena. Huyu mke wa sasa binti anamwita mama mdogo. Tunaishi uwanja mmoja: wao nyumba ya ndani, mimi chumba cha barazani na cherehani yangu.

Niseme mapema ili asije mtu akadhani nimehongwa. Mimi na wifi hatupikiki chungu kimoja. Ana sauti kubwa, maana anapiga pasi kwa dobi na huko mashine zinanguruma kutwa nzima. Akikusalimia utadhani anakugombeza. Tuliwahi kununiana mwezi mzima kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo sina sababu ya kumpamba.

Binti ana chunusi, na si zile za kuja na kuondoka. Zimemjaa mashavuni na kidevuni, nyingine zina usaha, nyingine zimeacha madoa meusi. Amejipaka dawa ya meno, amejipaka limau, amejipaka majivu, na krimu moja ya rafiki yake iliyombabua akabaki mwekundu wiki nzima. Siku hizi anavaa barakoa hata akila, anaishusha anatia tonge anaipandisha. Kioo changu cha kupimia wateja alikifunika kwa kitenge. Nilimtania kwamba wateja wangu watadhani nyumbani kuna msiba. Hakucheka, na mimi nikakiacha kilivyofunikwa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, majira ya saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa barazani natia uzi cherehani. Wifi alikuwa uani anasuuza nguo za mtoto wake mchanga. Binti alitoka akiwa na sare na barakoa, akasimama pale bombani, akasema haendi shule. Kesho yake walikuwa wanapigwa picha za vitambulisho vya mtihani, na mwalimu alishatangaza kuwa hakuna barakoa. Alisema bora mtihani wenyewe aukose.

Wifi alikausha mikono kwenye gauni. Alimshusha barakoa, akamgeuza kidevu kuelekea kwenye mwanga, akamwangalia muda mrefu. Halafu akasema kwa ile sauti yake, na maneno yenyewe ni haya:

"Wewe dawa yako ni kiberiti. Ngoja nirudi kazini, nitakupaka mwenyewe. Utanikoma."

Nayasema kama yalivyo kwa sababu najua jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta ameshayaleta hapa. Yule tunamwita Mama Redio, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Lakini hapa hakutia chumvi. Wifi aliyasema hayo, na mimi niliyasikia. Ambalo Mama Redio hakuliona kutoka ng'ambo ya ukuta ni kwamba wifi alikuwa anatabasamu, na kwamba binti naye alitabasamu, nikafurahi maana nilikuwa nimesahau meno yake.

Kabla ya kuondoka wifi alipita barazani akaniuliza ni duka gani la dawa bado linauza kiberiti upele cha kupaka. Nilimwelekeza lile la karibu na stendi, kwa mzee mwenye miwani. Aliniambia yeye mwenyewe alipokuwa msichana uso wake ulikuwa hautazamiki, na kilichomponya ni hicho.

Nikiulizwa na afande kiberiti upele ni kitu gani, najibu: ni ule unga wa manjano unaonuka kama yai viza. Zamani ulichanganywa na mafuta wakapakwa wenye upele, jina likabakia. Siku hizi madukani wanauita salfa, wanautia kwenye sabuni na marhamu za chunusi kwa sababu unakausha mafuta ya ngozi. Watu wa umri wangu tunasema kiberiti tu na tunaelewana. Afande anasema kwao kiberiti ni cha kuwashia moto basi. Ndicho ninachokililia tangu jana. Hata binti yetu anajua hicho hicho kimoja.

Binti hakwenda shule. Majira ya saa nane mchana alikuja barazani akaniambia, "Shangazi, nisaidie kiberiti." Nilikuwa na pini mdomoni. Niliashiria kwa kidevu mezani, akachukua kasha langu, akaingia ndani. Nilidhani jiko lao la gesi, ambalo huwaka lenyewe, limegoma.

Afande ananionyesha kasha la kiberiti na kuniuliza kama ninalitambua. Ninalitambua. Ni langu. Hutumia njiti kuchomea ncha za riboni zisifumuke. Vumbi hili la bluu ni la chaki yangu, na hii sindano ya mashine iliyochomekwa pembeni niliichomeka mimi. Nimeambiwa mmekuwa mkijiuliza kwa nini mtuhumiwa aingize kiberiti kwenye nyumba ambayo haitumii kiberiti. Hakuingiza yeye. Kilitoka mezani kwangu, wifi akiwa bado kazini. Najua hili linanigeukia mimi, lakini liandikwe.

Ilipofika saa tisa na dakika chache wifi aliingia getini, mkoba begani. Hata kunisalimia hakunisalimia. Alisema, "Wifi, nimekipata."

Nikamtania, "Umepata nini, mume mwingine?"

Papo hapo ukelele ulitoka jikoni. Wifi alitupa mkoba pale pale, akakimbia, mimi nyuma yake. Naomba hili lipigiwe mstari: binti alipopiga kelele, wifi alikuwa amesimama mbele yangu, namwona kwa macho yangu mawili.

Jikoni kulikuwa na moshi na harufu ya njiti zilizolipuka. Kile kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu kilikuwa kimepinduka sakafuni, ndani cheusi. Pembeni kulikuwa na wembe, kopo la mafuta ya mgando likiwa wazi, na rundo la njiti zilizokwanguliwa vichwa. Vichwa vyenyewe havikuwepo. Afande ananiambia niseme nilichokiona, nilichokidhani nikiache. Basi niliona njiti zisizo na vichwa na kinu kilichoungua, na mtoto aliyetaka kujipaka dawa kabla ya picha. Zaidi ya hapo sina la kusema, na wala halihitajiki.

Alikuwa ameshika uso kwa mikono miwili, nywele za mbele zimeungua. Wifi alimkamata, akamkokota hadi bombani, akamwinamisha kichwa akamfungulia maji. Binti alikuwa anapiga mateke na kulia. Wifi alimshika nywele za kisogoni ili asitoe uso kwenye maji. Hapo ndipo Mama Redio alipochungulia juu ya ukuta. Alimwona mama wa kambo amemshika mtoto nywele, mtoto anapiga kelele, gauni la mama lililolowa limeganda njiti za sakafuni. Simlaumu. Ningekuwa ukutani, mimi mwenyewe ningepiga yowe, tena kubwa kuliko lake.

Hospitali walisema mashavu na kiganja cha kulia vimeungua na macho yamenusurika. Majira ya saa kumi na moja jioni alikuja askari. Muuguzi aliinama akamuuliza binti nani amemfanyia vile. Binti alikuwa amefungwa bandeji mpaka midomoni na dawa za usingizi zilishaanza kumchukua. Alisema, "Mama mdogo alisema kiberiti." Akalala.

Chumba kizima kiligeuka kumtazama wifi. Na mimi niligeuka. Nilijua alichomaanisha mtoto, na nilijua pia walichokisikia. Nilifungua mdomo, mama yangu aliyekuwa kando yangu akanibana mkono ninyamaze.

Afande amenisomea sehemu ya maelezo ya wifi ya jana. Aliulizwa alitoka wapi kabla ya tukio, akajibu, "Kununua kiberiti." Nimeambiwa hilo limehesabika kuwa kukiri, na kwamba alipoomba mkoba wake uangaliwe aliambiwa haina haja, kwani ameshakubali. Afande, huyo mwanamke alikuwa anajitetea.

Mama yangu yuko nje kwenye benchi. Ndiye bibi wa binti na hajawahi kumkubali wifi, tangu siku ya posa. Asubuhi njiani aliniambia hivi: "Wewe sema ulichosikia tu. Maana yake waachie wenyewe." Nimeligeuza neno hilo kichwani njia nzima. Nilichosikia ni kweli kabisa. Mama Redio naye alichoona ni kweli, alichosema binti ni kweli, na alichojibu wifi ni kweli. Ukiziweka kweli zote hizo kwenye jalada zikaenda mahakamani kesho kama ilivyopangwa, mtu asiye na kosa atafungwa, na uongo hautaonekana hata mmoja. Naogopa hilo kuliko ninavyomwogopa mama yangu.

Mama yangu huyo huyo ndiye amempakata mtoto mchanga wa wifi. Mtoto anaikataa chupa tangu jana. Mnamsikia hapo nje analia, na mama yake anamsikia kutoka mahabusu, maana kila akilia kuna mtu anagonga mlango kule ndani. Sikulala. Binti akizinduka akaambiwa mama mdogo yuko ndani kwa sababu ya neno alilolisema yeye, sijui uso wake utapona kwa ajili ya nani.

Nikiulizwa kama nilikiona kile alichokinunua wifi, najibu: sikukiona. Alisema amekipata, basi. Leo alfajiri nimepekua uani kote, chini ya cherehani, hadi kwenye mtaro, kwani mkoba ulianguka kwa kishindo na watu walijaa. Sikupata kitu. Ama kimo mkobani, ama kimeokotwa, ama hakukipata na alikuwa ananitania na yeye. Kama hakimo, basi mtabaki na neno langu, na mimi ndiye mwenye kasha. Hata hivyo naomba mkoba ufunguliwe. Ni wa kahawia, kishikio kimoja nilikishona mimi kwa uzi mweusi. Aliuokota tukienda hospitali, nanyi mkamchukulia jana kaunta.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na maana yake kama ninavyoijua. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo yamechukuliwa na: Koplo wa zamu, chumba cha maelezo

MAELEZO YA ASKARI: Mkoba wa kahawia umefunguliwa kaunta mbele ya shahidi saa nne na dakika ishirini. Ndani: aproni ya kazi, kanga ya kubebea mtoto, kitana, na kopo dogo la marhamu lililobandikwa karatasi "Kiberiti upele (salfa), kwa chunusi". Kifuniko hakijawahi kufunguliwa. Limechukuliwa kama kielelezo, na jalada limezuiwa lisiende mahakamani hadi majeruhi ahojiwe upya. Mwandishi hakuwahi kulijua neno hilo kwa maana hiyo. Kabla ya kuonyeshwa kopo, mtuhumiwa aliulizwa mahabusu kiberiti alichokwenda kununua kinatumikaje. Alijibu: "Kidogo tu, mbali na macho. Kwanza ajaribu nyuma ya sikio, asije akaungua."