Kanuni Kumi za Upande Mmoja

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, tarehe 14, alasiri.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Mkeo hajambo, na wale watoto wanaoongea nasi kwenye simu huku wakitafuna? Natumaini mu wazima, na kifua chako kimepatana na baridi ya huko. Sisi ni wazima, isipokuwa mguu mmoja wa kaka yako, na huo ndio ulionikalisha chini kuandika. Alinikataza nisikwambie. Simu ameikalia yeye, kwa hiyo barua hii naipitisha kwa jirani anayesafiri kesho. Kuandika hakunikataza.

Usishtuke. Anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi. Mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, umefungwa plasta hadi gotini. Ila nina hasira, Shemeji, na nisipoimalizia kwenye karatasi hii nitaimalizia kwa mtu.

Unajua anaendesha gari la kusambaza mitungi ya gesi. Mwaka jana kampuni ilileta afisa usalama, kijana mmoja mwenye viatu visivyowahi kuona vumbi. Akawagawia madereva karatasi ya kanuni kumi, wazikariri neno kwa neno. Kila asubuhi, kabla ya kupewa funguo, wanapangwa getini, anamnyooshea mtu kidole na kutaja namba. Ukikosea neno moja unarudi nyumbani. Mzee Pole, dereva wa miaka ishirini ambaye hajawahi kugonga hata ndoo, alirudishwa kwa kusema "handibreki" badala ya "breki ya kuegeshea".

Kichwa cha kaka yako unakijua, mlisoma pamoja. Basi mwalimu nikawa mimi. Naosha vyombo, naita namba, yeye kasimama mlangoni anajibu kama mtoto wa darasa la pili. Baada ya mwezi hata wapangaji wenzetu walikuwa wanamsahihisha kupitia dirishani.

Sasa sikiliza. Breki ya kuegeshea ya gari lake ilikuwa imekufa tangu mwezi wa tatu. Aliripoti mara tatu. Mara ya tatu msimamizi akampa gogo la kuweka chini ya tairi. Kwa hiyo kila asubuhi kaka yako anakariri kanuni ya tano, "Dereva ataegesha gari kwa breki ya kuegeshea wakati wote," kisha anapanda na gogo lake anaondoka. Na anayemsikiliza analiona gogo.

Jumanne alikuwa anashusha mitungi kwenye mtelemko. Gogo likateleza, gari likarudi nyuma na kumbana mguu ukutani. Mtungi aliokuwa ameushika hakuuangusha, maana kanuni ya tatu inakataza. Waliomwokoa wanasema ilibidi wamsihi auachie.

Alhamisi yule afisa akaja nyumbani. Nilidhani amekuja kumpa pole mgonjwa, nikampikia chai, na chai hiyo najuta hadi leo. Kwanza alimwomba kaka yako akariri kanuni ya tano. Na yeye, mguu juu ya stuli, akaikariri yote bila kukosea. Kijana akatabasamu, akatoa kalamu na karatasi: mimi fulani nilifundishwa kanuni, nilizijua, nikaivunja ya tano. Akisaini, kosa ni lake, kazi hana, na mguu atajitibu mwenyewe. Kumbe mwaka mzima nilikuwa namfundisha mume wangu kujishtaki.

Mezani alikuwa ameweka kadi yake ya kanuni, ngumu, yenye plastiki. Nikaiinua niweke sinia. Nyuma ilikuwa na maandishi. Karatasi yetu nyuma ni nyeupe, kwa sababu walitoa nakala upande mmoja tu. Kichwa chake: Wajibu wa Mwajiri, kanuni sita. Nikaisoma ya kwanza kwa sauti: "Hakuna gari litakalotoka getini likiwa na hitilafu ya breki." Ya pili: "Dereva atakayekataa gari bovu hataadhibiwa."

"Mama, hizo za nyuma haziwahusu madereva," akasema.

"Na huu mguu unamhusu nani?" nikamuuliza, nikaitoa kalamu mkononi mwa mume wangu.

Akataka kadi yake. Nikampa, lakini nilikuwa nimeshazisoma mara mbili, na mwaka mzima wamenizoeza kukariri. Alipofika njiani, zote sita zilikuwa zimeandikwa upande mweupe wa karatasi yetu.

Jioni Mzee Pole alikuja kumwona mgonjwa, akazinakili. Jana getini afisa akamnyooshea kidole: ya tano. Mzee Pole akajibu ya kwanza ya nyuma. Akaambiwa aende nyumbani. Wa pili akaulizwa, akajibu ileile. Na wa tatu. Walikuwa kumi na mmoja, hakuna mtungi uliotoka hadi fundi alipoitwa, na fundi akakuta magari manne yanaegeshwa kwa magogo.

Lakini mambo ya kaka yako hayajakwisha. Ijumaa wanarudi na ile karatasi. Anasema amechoka, heri asaini apumzike. Mimi amenizoea, maneno yangu yanapita kama upepo. Wewe anakusikiliza. Mpigie, Shemeji, kabla ya Ijumaa, umwambie asisaini.

Leo mchana, nikiwa jikoni, nilijaribu. Nikaita: ya kwanza, ya nyuma. Nikarudi kwenye vyombo, nikidhani amekataa. Kisha nikamsikia anaikariri polepole, na katikati akalia. Alipotulia alianza upya, akaimaliza. Hakukosea neno.

Nisalimie mkeo, shangazi wa ghorofani kwenu, na kitinda mimba mwambie meno yanatafuna, hayaongei. Mungu awalinde mwendapo na mrudipo, na awape kazi isiyowavunja.

Wako akupendaye,
Shemeji yako, mwalimu wa kanuni.