Uji wa Watu wa Mnara

Alhamisi, Changamwe

Mama atapiga simu kesho na sijui nitaanzia wapi.

Leo nilipotoka kazini niliingia kwenye mkutano wa wasimamizi wa bei ya stima na wananchi, katika ukumbi wa hapa Changamwe. Mgongo uliuma, lakini niliinua mkono. Nikauliza: mnara wa nyaya kubwa umesimama shambani kwetu Kibwezi, mama aliwapikia uji walioujenga, mbona bado anawasha koroboi ya mafuta ya taa?

Bibi mmoja wa wasimamizi, aliyeketi mezani mbele, alinisikiliza, na kwa hilo namshukuru. "Kaka, nyaya hizo ni za kampuni ya kusafirisha umeme. Wanaouzalisha ni wengine, na wanaouleta nyumbani ni wengine tena. Sisi tunawasimamia wote."

"Sasa nimlilie nani?"

"Hao wa kuleta nyumbani. Umeme wa mnarani una nguvu mno, hauwezi kuingia nyumbani moja kwa moja."

Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, aliyeketi kando yangu, akanivuta shati. "Keti, mwanangu. Bomba la mafuta si lapita hapa Changamwe? Wewe ushawahi kuchota?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, maana nilielewa.

Shida ni mama. Tangu mnara usimame amekataa taa ya sola, eti stima iko njiani, na macho yake yanazidi kuharibika kwa moshi wa koroboi. Kesho nitamwambia aikubali taa hiyo, na maombi ya stima tuyapeleke kwa wanaohusika.

Namjua. Ataniuliza ule uji aliowapikia watu wa mnara ulikuwa wa nini.