Tambara kwenye Bomba la Tenki

Ndugu yangu, leo nimetukanwa mbele ya wapangaji wote! Eti mimi fundi feki!

Umeme umekatika, mama mmoja kanasa kwenye lifti anapiga kelele, na jenereta la jengo kila nikiliwasha linazimika. Nabadilisha chujio, wapi!

Nikafungua kifuniko cha tenki la dizeli. Fyuuu! Likavuta hewa, nikawasha, injini ikanguruma. Kumbe bomba la kupumulia tenki limezibwa kwa tambara!

Nauliza nani kaziba. Meneja wa jengo, yuleyule aliyenitukana, macho makavu: "Mimi. Harufu inaingia ofisini kwangu."

Eti MIMI!!

Nikalichomoa tambara, nikamweleza taratibu kama mtoto: tenki lisipovuta hewa, dizeli haifiki kwenye injini. "Nimekuelewa, fundi."

Nafika getini, nageuka. Namwona juu ya ngazi kwenye bomba lilelile, tambara mkononi.